Je, wenye ulemavu wa akili wanafanya uhalifu zaidi?

Hebu jiweke kwenye chumba cha mahojiano, kituo cha polisi. Afisa anakuuliza, "Ulikuwepo, siyo?" Umechoka, unataka kurudi nyumbani, na tangu utotoni umejifunza kwamba ukiwakubalia wakubwa hawakugombezi. Unajibu, "Ndiyo." Kumbe hukuwepo.

Mambo haya hutokea kweli. Mwaka 1972, mtu mmoja aliuawa Catford, kusini mwa London, na nyumba yake ikawashwa moto. Polisi wakakamata vijana watatu. Mkubwa wao, wa miaka 18, alikuwa na ulemavu wa akili. Alianza kuhojiwa bila mzazi wala wakili, akakiri. Wapo waliosema walikuwa naye mahali pengine jioni ile, lakini wote watatu walitiwa hatiani. Hukumu zilifutwa Oktoba 1975.

Ngoja kwanza: ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Huanza utotoni, na humfanya mtu apate shida kuelewa, kujifunza na kujimudu kila siku. Wengi wana ulemavu mdogo tu. Wanaishi mtaani kama wewe na mimi, na huwezi kuwatambua kwa macho.

Sasa, wanafanya uhalifu zaidi? Inategemea unahesabu wapi. Ukihesabu gerezani, utawakuta waliokamatwa kirahisi, wasiojua kujificha wala kujitetea. Ukihesabu mtaani, kuna makosa ambayo polisi hawayasikii kamwe, maana mlezi au jirani ameyamaliza kimyakimya. Kwa hiyo takwimu hazipimi tabia peke yake. Zinapima pia nani anakamatwa na anahojiwa vipi.

Hata wepesi wa kuyumbishwa unapimika. Mwanasaikolojia Gisli Gudjonsson alibuni kipimo hiki: unasomewa hadithi fupi, kisha unaulizwa maswali, mengine ya mtego. Halafu unaambiwa kwa ukali kwamba umekosea, ujibu upya. Je, utabadilisha majibu? Kwa wastani, wenye ulemavu wa akili huyumba kuliko wengine.

Kesi ya Catford ilichangia kuletwa kwa sheria ya polisi ya mwaka 1984 huko England na Wales. Siku hizi, kwa kawaida, mtu kama yule kijana hahojiwi bila mtu mzima wa kumsaidia kando yake.

Basi siku ukisikia "si amekiri mwenyewe?", uliza: aliulizwaje, na alikuwa na nani?