UMEME, ASIDI NA SHABA
Somo la mtoto na kazi ya baba ni kitu kimoja

Ndugu mfanyakazi, jioni mtoto wako wa sekondari anafungua daftari ya kemia na kusoma: anodi, katodi, asidi. Usimwambie kwamba mambo hayo huyajui. Kama unafanya kazi kwenye elektrolizi, unayajua kwa mikono yako. Kule Shituru, Likasi, shaba ilianza kutolewa kwa njia hiyo mwaka 1929.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya beseni mna maji, asidi ya sulfuri na shaba iliyoyeyuka. Umeme unaingia kwa anodi, ambayo ni bamba la risasi, na kutokea kwa katodi. Shaba iliyo ndani ya maji inavutwa na katodi na kushikamana nayo. Amperi 10 000 zikipita saa moja, beseni moja linaweza kutoa karibu kilo 12 za shaba.

Lakini kwenye anodi maji yanavunjika, na oksijeni inapanda kama mapovu madogo. Kila povu likipasuka juu, linarusha matone ya asidi. Huo ndio ukungu unaokuwasha koo. Ukiuvuta miaka na miaka, unakula meno ya mbele. Tena mwaka 1992 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka kati ya vitu vinavyoleta kansa. Kwa hiyo vaa maski na miwani. Vipira vinavyoelea juu ya beseni vinazuia ukungu: usiviondoe.

Vua pete pia. Utasema, volti 2 za beseni si kitu. Kweli, lakini amperi ni nyingi mno. Pete ikigusa anodi na katodi kwa pamoja, inawaka nyekundu kwenye kidole chako.

Sasa twende nyumbani. Mama, sikiliza na wewe. Betri ya gari, au ile ya paneli ya jua, mara nyingi ina risasi na asidi ileile. Inapojazwa umeme, maji yake yanavunjika vilevile, na hidrojeni inatoka. Haina rangi, haina harufu. Ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuipasua betri na kumrushia mtu asidi usoni.

Kwa hiyo:

– Usijaze betri katika chumba cha kulala, wala karibu na mbabula, mshumaa au sigara. Fungua madirisha.
– Zima chaja kwanza, ndipo utoe koleo zake.
– Ukichanganya asidi, mimina asidi ndani ya maji, polepole. Usimimine maji ndani ya asidi: yatachemka na kuruka.
– Usiweke asidi katika chupa ya bia au ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma hatari.
– Betri iliyokufa si kitu cha kuchezea. Risasi yake inaharibu akili ya mtoto.

Asidi ikiingia jichoni, usingoje. Osha kwa maji safi mengi, dakika 20, kope zikiwa wazi. Halafu nenda dispanseri. Usitie maziwa wala mafuta.

Leo jioni, mtoto akifungua daftari yake, keti karibu naye. Yeye akueleze somo, nawe umweleze hatari.