Bangi Dubai: haramu ni moja, adhabu ni nyingine

Mfanyabiashara atokaye Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, akishafika Dubai hakawii kufika Al Ras.

Katika mtaa huo mkongwe wa Deira, kwenye mlango wa hori ya Dubai, ndipo lilipo soko la viungo, na soko la dhahabu halipo mbali.

Uhusiano wa mji huo na Afrika Mashariki ni wa kale. Kabla ya enzi ya mafuta na saruji, boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka Lamu na Rufiji ndizo zilizobeba mapaa ya nyumba nyingi za Ghuba.

Wageni hao wanazijua bei za Al Ras kuliko wanavyozijua sheria zake, na iliyo kali miongoni mwa hizo ni sheria ya mihadarati.

Ushahidi ndani ya mwili

Bangi imepigwa marufuku pia Kenya, Tanzania na Uganda. Tofauti ni kwamba Dubai mtu anaweza kutiwa hatiani bila ya kukutwa na hata msokoto mmoja.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza huwatahadharisha raia wake kwamba katika Umoja wa Falme za Kiarabu, dawa ya kulevya ikionekana katika damu huhesabiwa kuwa mtu anaimiliki.

Mabaki ya bangi huweza kuonekana katika mkojo kwa siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hata zaidi ya mwezi mmoja.

Mwezi Septemba mwaka 2007, Mwingereza mmoja aliyekuwa akirejea kwao kutoka Ethiopia alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Dubai. Chini ya kiatu chake kulikutwa bangi ya uzito wa gramu 0.003, ambayo ni vigumu hata kuiona kwa macho.

Alihukumiwa kifungo cha miaka minne, kisha akaachiliwa kwa msamaha mwezi Februari mwaka 2008.

Mwezi huo huo, mcheza santuri maarufu wa Uingereza, Grooverider, alipewa adhabu kama hiyo kwa kukutwa na gramu 2.16 za bangi. Naye alisamehewa mwezi Septemba mwaka huo.

Sheria yalegezwa

Mahakimu hao hawakuwa na nafasi kubwa ya kuhurumia. Sheria ya shirikisho namba 14 ya mwaka 1995 iliweka miaka minne kuwa kima cha chini cha kifungo kwa mtumiaji.

Marekebisho ya mwaka 2016 yalikishusha kima hicho hadi miaka miwili.

Sheria mpya, namba 30 ya mwaka 2021, ilianza kutumika mwezi Januari mwaka 2022. Kwa kosa la kwanza la matumizi, iliweka kifungo kisichopungua miezi mitatu, au faini ya kati ya dirham 20,000 na 100,000.

Kosa la tatu huleta kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na faini isiyopungua dirham 100,000. Mgeni anaweza pia kufukuzwa nchini.

Kwa wauzaji hakuna ulegevu: wao wanaweza kukabiliwa na kifungo cha maisha au hata kifo.

Je, dhambi na adhabu ni kitu kimoja?

Katiba ya Umoja wa Falme za Kiarabu inautaja Uislamu kuwa dini rasmi, na sharia kuwa chanzo kikuu cha sheria za nchi. Baadhi ya watu hudhani kwamba hilo linamaliza mjadala.

Lakini wanazuoni wenyewe walitofautiana zamani juu ya adhabu, ingawa walikubaliana kwamba hashishi ni haramu.

Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1328, aliona kuwa inalevya kama mvinyo, na mvutaji astahili adhabu maalumu ya mlevi.

Al-Qarafi wa Misri, aliyefariki mwaka 1285, alisema kwamba inaharibu akili lakini hailevyi kama mvinyo. Kwa hiyo adhabu yake iwe ya taazir, yaani ile anayoipima hakimu kwa kuangalia mtu na mazingira yake.

Swali hilo la kipimo linaulizwa hata leo. Kenya, sheria ya mwaka 1994 ilitaja kifungo cha miaka 10 kwa bangi ya matumizi binafsi, na mwaka 2021 Marastafari walikwenda mahakamani kutaka waruhusiwe kuitumia.

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu matumizi ya faragha mwaka 2018, na mwaka huo huo Canada ikahalalisha bangi kabisa.

Wanaotetea ukali husema kwamba unawalinda vijana, na kwamba mji wa bandari ukilegea hugeuka njia ya walanguzi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa.

Hata hivyo, adhabu haimpati mkosaji peke yake. Faini ya chini kabisa, dirham 20,000, ni takriban dola 5,400 za Marekani. Kwa mpakiaji wa mizigo au mlinzi, miezi mitatu gerezani ni kupoteza kazi, na pengine kibali cha kuishi. Watoto wanaosubiri karo nyumbani hawakuvuta chochote.

La kuzingatia

Msafiri aliyevuta kihalali Toronto asidhani kwamba uhalali huo unasafiri naye hadi Dubai. Miraa, inayouzwa waziwazi Kenya, nayo ni marufuku huko, na dawa zenye codeine au tramadol huhitaji kibali cha mamlaka za afya.

Kwa aliyekwisha kunaswa na uraibu, sheria imeacha mlango mmoja wazi: anayejipeleka mwenyewe kutibiwa kabla ya kukamatwa hashitakiwi.

Pengine mlango huo ndio sehemu ya sheria iliyo karibu zaidi na maneno ya Al-Qarafi. Unakiri kwamba kosa ni kosa, lakini unamtazama kwanza aliyelitenda.