Kwa nini spea ya baiskeli ya gia haipatikani Ifakara: kisa cha chapa ndogo zinazofungwa ng'ambo

Wiki mbili zilizopita, katikati ya kipindi cha asubuhi, baba mmoja alitupigia simu kutoka Mbingu. Mada ya siku hiyo ilikuwa bei ya mpunga, lakini yeye alikuwa na lake. "Kaka mtangazaji, samahani, mimi nina swali la baiskeli." Baada ya mavuno alimnunulia binti yake baiskeli ya gia ya mtumba ya kwendea sekondari. Nzuri, nyepesi, matairi manene yenye meno, shokapu mbele. Miezi minne haikupita, kuna kidude kimekatika kule nyuma kwenye cheni, na mafundi watatu wamemwambia kitu hicho hakipo. Binti anatembea kwa miguu, baiskeli imeegemea ukuta. Akauliza: "Hiyo kampuni iliyoitengeneza iko wapi, niwaandikie?"

Studio tulicheka kidogo, nikamwahidi tutafuatilia. Alinisomea jina lililoandikwa ubavuni mwa fremu, herufi kwa herufi. Jioni nilipolitafuta kwenye intaneti nikakuta kampuni yenyewe ilishafungwa. Hakuna wa kuandikiwa.

Basi makala haya ni jibu kwa yule baba, na kwa wengine wengi waliotutumia ujumbe baada ya simu yake. Kumbe tatizo si lake peke yake.

Nilianzia kwa fundi mmoja pale sokoni Ifakara, mzee ambaye amekuwa akiziba pancha tangu mimi sijaanza shule. Akanitolea kopo la maziwa lililojaa vipande vidogo vya aluminiamu vilivyovunjika. Kila kimoja kina umbo lake: kingine kama ndoano, kingine kama herufi, kingine kina matundu mawili, kingine moja. Yeye anakiita sikio. Ni kile kipande kinachofungwa kwenye fremu karibu na ekseli ya nyuma, na ndicho kinachobeba kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine. Sikio limetengenezwa liwe laini makusudi. Baiskeli ikianguka au kijiti kikiingia kwenye cheni, linapinda au kukatika lenyewe ili fremu ipone. Wazo zuri sana, ilimradi unaweza kununua jingine.

Tabu ni kwamba kila kampuni ilichora sikio lake. Yako mamia ya aina. Mwaka 2019 kampuni ya SRAM ya Marekani ilitangaza sikio la aina moja ambalo chapa yoyote inaweza kulitumia, na chapa nyingi zimelikubali. Lakini baiskeli zinazoshushwa hapa kwetu nyingi ni za miaka ya nyuma ya hapo. "Mwanangu," mzee akaniambia, "hii Phoenix ikivunjika chochote, nakwenda duka lolote. Hii ya gia ikivunjika sikio, nasaga chuma na tupa nusu siku, na bado halikai sawasawa."

Sasa tuziangalie hizo kampuni zenyewe.

Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, kwenye vilima vya Marin, miaka ya 1970. Vijana walichukua baiskeli kuukuu za kabla ya vita, nzito, za matairi manene, wakawa wanateremka nazo kwenye njia za vumbi. Mwaka 1976 wakaanza mashindano yao kwenye mteremko waliouita Repack, kwa sababu ukifika chini grisi ya breki ya nyuma imeungua yote na inabidi uipakie upya. Baadaye kidogo Joe Breeze alitengeneza fremu mpya kabisa kwa ajili ya mchezo huo, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara wakiuza fremu zilizochomelewa na Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa kiwandani Japani kwa wingi.

Nimeeleza hayo kwa sababu tangu mwanzo biashara hii ilikuwa ya mafundi wachache wenye gereji. Na kwa miaka arobaini imebaki na tabia hiyo: pembeni ya makampuni makubwa kama Giant, Trek na Specialized, kumekuwa na chapa ndogo nyingi, za watu kumi, ishirini, hamsini.

Wengi tunadhani chapa ya baiskeli ni kiwanda. Mara nyingi sivyo. Chapa ndogo inachora fremu, inapeleka mchoro kwenye kiwanda Taiwan au China, inanunua gia na breki kwa Shimano ya Japani au SRAM, matairi kwa mwingine, shokapu kwa mwingine tena, halafu inabandika jina lake. Kiwanda hakikubali oda ya fremu kumi. Kina kiwango cha chini, na kinataka malipo ya awali. Kwa hiyo mwenye chapa analipa leo baiskeli atakazouza mwakani. Mkulima wa mpunga wa Kilombero anaijua hali hiyo vizuri kuliko mimi: unakopa mbegu na trekta Desemba, na bei utaijua Juni.

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Uviko. Ulaya na Marekani watu walifungiwa majumbani, mabasi hayapandiki, wakakimbilia baiskeli. Maduka yakabaki matupu. Viwanda vikazidiwa, na kuna vipuri ambavyo ukiagiza uliambiwa usubiri zaidi ya mwaka mmoja. Kila mwenye chapa akaogopa kukosa mzigo, akaagiza mara mbili au tatu ya mahitaji. Mizigo ile ilifika kwa mkupuo mwaka 2022 na 2023, wakati wateja wameshanunua, vita vya Ukraine vimepandisha gharama za maisha, na riba za benki zimepanda. Maghala yakajaa. Makampuni makubwa yakaanza kushusha bei ili kupata fedha taslimu, na mdogo hawezi kushusha bei kwa kiasi hicho bila kuuza kwa hasara.

Waliodondoka wana majina. Oktoba 2023 kundi la Signa Sports United lilifilisika na kuburuta maduka ya mtandaoni ya Wiggle na Chain Reaction Cycles ya Uingereza, pamoja na chapa zao za Nukeproof na Vitus. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa zamu ya Orange ya Halifax, Uingereza, iliyoanza 1988 na iliyojulikana kwa kuchomelea fremu za aluminiamu nchini mwao; ilipitia ufilisi ikarudi ikiwa ndogo zaidi. Mwaka huohuo Guerrilla Gravity ya Denver, iliyokuwa na ujasiri wa kutengeneza fremu za kaboni palepale Marekani badala ya kuagiza Asia, ilifunga. Desemba 2024 Rocky Mountain ya Kanada iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai, na mwaka 2025 YT ya Ujerumani ikafuata njia hiyo.

Kisa cha Kona ndicho kilichonigusa zaidi. Ilianzishwa 1988 na marafiki wawili, Dan Gerhard na Jake Heilbron. Mwaka 2022, soko likiwa bado juu, iliuzwa kwa kampuni kubwa ya vifaa vya michezo. Miaka miwili tu, wenye mali wapya wakaamua kuachana nayo, na mwezi Mei 2024 waanzilishi wale wale, watu wazima sasa, wakainunua tena. Sijui kama mimi ningekuwa na moyo huo.

Sasa baiskeli ya yule binti wa Mbingu inaingiaje humo? Baiskeli ya milimani ikishatumika Ulaya au Japani, inatupwa, inatolewa sadaka au inauzwa kwa jumla, inapakiwa kwenye kontena na kushushwa bandari ya Dar es Salaam. Kutoka hapo inakuja Morogoro, kisha Ifakara kwa lori. Anayeinunua hapa anaona bei na rangi. Haoni kama aliyeitengeneza bado yupo. Chapa kubwa hata ikiacha kutengeneza aina fulani, spea zake huendelea kuuzwa na wengine kwa sababu soko lipo. Chapa ndogo ikifa, hakuna anayehangaika kutengeneza sikio la baiskeli zilizouzwa chache dunia nzima.

Na hapo ndipo Phoenix inaposhinda bila kelele. Hiyo baiskeli nyeusi ya Shanghai, pamoja na Avon na Hero za Ludhiana, India, zote ni watoto wa mchoro mmoja wa zamani wa Kiingereza, ule wa Raleigh wa Nottingham: ringi ya inchi 28, breki za vyuma, gia moja, keria ya kubebea gunia. Mzee wa sokoni anachomoa pedeli ya hii anaiweka kwenye ile bila kupima. Ni nzito, na ukipanda nayo kilima cha kwenda Mahenge utashuka usukume. Lakini bonde letu ni tambarare kutoka Kiberege hadi Ifakara mpaka kando ya mto, na kinachotafutwa na mtu wa hapa ni kubeba: mpunga, mkaa, madumu ya maji, mgonjwa wa kupeleka zahanati.

Tuliwahi kuwa na chapa yetu pia. Wazee wanaikumbuka Swala, baiskeli ya kampuni ya taifa ya NABICO ya Dar es Salaam. Ilikutwa na yale yaliyokuta viwanda vingi vya umma miaka ya 1980, hasa uhaba wa fedha za kigeni za kuagizia chuma na vipuri. Ukisoma habari za Orange na Rocky Mountain leo, unaona ugonjwa unafanana: kiwanda kinachotegemea vipuri vya mbali kinasimama pale fedha ya kuvilipia inapokatika. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na bidhaa nyingi ghalani kuliko wateja, sisi tulikuwa na wateja wengi kuliko bidhaa.

Wapo wanaojaribu njia nyingine. Kampala kuna Boogaali, karakana inayotengeneza fremu za mianzi kwa mkono, chache, na kuziuza zaidi kwa wageni wanaopenda kitu cha pekee. Buffalo nayo imekwenda kinyume. Ni baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa 2005 na watu wa ndani ya kampuni ya SRAM, na inaunganishwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Ni chuma kitupu, imekusudiwa kubeba mzigo wa kilo 100. Mwaka 2023 walitoa toleo lenye gia mbili na cheni mbili. Ukitaka kubadili gia unarudisha pedeli nyuma kidogo. Haina waya wa gia, wala haina sikio la kukatika. Nilipomwonesha mzee picha kwenye simu, aliitazama muda mrefu, akauliza freiwili zake zinauzwa wapi. Swali la fundi daima ni hilo.

Bodaboda nayo imebana soko upande wa pili. Kijana mwenye akiba sasa anawaza pikipiki kwanza, na baiskeli mpya ya bei ya kati haina mteja hapa. Wanaobaki ni wanaotaka ya bei ya chini kabisa, na wazazi wa wanafunzi.

Ukienda kununua baiskeli ya gia ya mtumba, nimekusanya ushauri wa mafundi wanne wa hapa mjini. Inama kwanza nyuma, uangalie sikio. Kama limepinda au lina ufa, iache. Kama limefungwa kwa skrubu ndogo, muulize muuzaji kama ana la akiba. Asipokuwa nalo, punguza bei. Fremu za chuma za zamani ambazo sikio ni sehemu ya fremu yenyewe ndizo mafundi wanazipenda, maana likipinda linanyooshwa kwa spana. Ringi ya inchi 26 ndiyo yenye tairi na tyubu kila duka. Inchi 29 utahangaika. Kuhusu shokapu ya nyuma, wote wanne walitikisa kichwa: gololi na vichaka vyake havipatikani, na matope ya masika huvimaliza kwa msimu mmoja.

Jumamosi iliyopita yule baba alikuja mjini na baiskeli juu ya basi. Mzee aliichunguza, akatafuta kwenye kopo lake, hakuna lililoingia. Mwishowe akaondoa mfumo wote wa gia, akafupisha cheni, akaifunga kwenye gia moja ya katikati. Kazi ya dakika arobaini, shilingi elfu tano. Binti alipanda, akazunguka soko mara mbili, akasema ni nzito kidogo kuliko mwanzo. Jumatatu alikwenda nayo shule.