Zawadi Yenye Uhai: Kabla Hujampa Mtoto Panya, Sungura au Kifaranga

Zawadi nyingi tunazowapa watoto wetu huchakaa bila kumwumiza mtu. Gauni huchanika, mpira hupasuka, nasi twanunua nyingine Mungu akitujalia. Lakini iko zawadi ambayo ikisahauliwa siku tatu hufa, na mtoto huiona ikifa. Ndiyo maana mwezi huu, akina mama wapendwa, tumeona vema tuzungumze juu ya mnyama mdogo anayetolewa zawadi: sungura, simbilisi, kifaranga, mtoto wa mbwa, na hata panya.

Huku kwetu Shinyanga na Geita jambo hili si geni. Tangu zamani Msukuma humwonyesha mtoto kuku au mbuzi na kumwambia, "Huyu ni wako." Mtoto akimtunza vizuri, anazaa, na mtoto hujifunza kuhesabu, kuamka mapema na kumwonea huruma asiyeweza kusema. Siku hizi yameongezeka mambo ya machimbo. Baba amekaa Nyarugusu au Rwamgasa miezi minne akitafuta dhahabu. Anaporudi moyo unamchoma kwa kuwaacha watoto, basi apitapo sokoni Katoro hununua sungura wawili, awatie ndani ya boksi na kuingia nao nyumbani kwa shangwe. Watoto hurukaruka. Baada ya wiki moja baba anarudi machimboni, na sungura wanabaki na nani? Wanabaki na mama, pamoja na maji ya kuteka, kuni, shamba na mtoto mchanga mgongoni.

Kwa hiyo twasema wazi: asiulizwe mtoto tu, aulizwe mama. Mjomba, shangazi, mama wa ubatizo, na baba mwenyewe, wote wamwulize mama mwenye nyumba kabla ya kuleta kiumbe kitakachokula, kunywa na kuchafua. Kuuliza huko si kuharibu furaha. Mtoto anaweza kuahidiwa sungura siku ya Krismasi, akapewa kipande cha mbao na misumari aanze kujenga banda na kaka yake, na sungura mwenyewe akaja mwezi wa pili banda likiwa tayari.

Habari ya panya

Huenda msomaji mwingine akacheka. Nani amempa mtoto panya? Kule Mtwara wako wanaomfanya kitoweo, na sisi huku twamtegea mtego ghalani. Lakini watoto wa kiume wakichunga humchimbua panya buku shimoni au kwenye kichuguu, yule mkubwa mwenye mifuko mashavuni na mkia ambao nusu yake ni mweupe, wakamfunga kamba na kumpa mwenzao. Na tangu panya hawa wapate sifa duniani, watoto wamezidi kuwapenda.

Sifa hizo ni za haki. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO, lililoanza mwaka 1997, huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye darubini huifanya kwa siku nne hivi. Sisi ambao waume na ndugu zetu hushinda katika vumbi la mashimo, na tunajua kifua kikuu kinavyowaandama wachimbaji, hatuna budi kumshukuru Mungu kwa kiumbe huyu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Alikufa Januari 2022 akiwa na umri wa miaka minane.

Tukumbuke hiyo miaka minane. Mtoto aliyepewa panya buku akiwa darasa la pili angekuwa sekondari panya angali hai. Tena panya wa Morogoro wamezaliwa mikononi mwa watu, wakazoeshwa tangu walipofumbua macho, na wana madaktari wao. Wazungu wanaotaka kumpa rafiki yao zawadi ya panya huyo hawatumiwi panya. Hulipa fedha za matunzo kwa jina lake, naye hubaki Morogoro akifanya kazi yake. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia ya busara kuliko zote ya kumtoa panya buku zawadi.

Yule wa kichuguuni ni habari nyingine. Aprili 2003 wanyama wadogo wapatao 800 kutoka Ghana, wakiwemo panya buku, waliingizwa Marekani ili wauzwe kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Kumbe baadhi yao walikuwa na virusi vya mpox. Wakawekwa karibu na wanyama wengine wadogo wa huko, wa jamii ya kindi, nao wakauzwa kwa familia. Katika jimbo la Wisconsin mtoto wa miaka mitatu aliumwa na mnyama wake mpya, akaugua, na mama yake akaugua pia. Kwa jumla watu 47 katika majimbo sita walipata au walidhaniwa kupata ugonjwa huo. Ashukuriwe Mungu hakufa mtu, na mwaka huohuo serikali yao ikapiga marufuku kuingiza panya wa Afrika. Watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wazazi waliotaka kumfurahisha mtoto.

Na hapa kwetu? Julai 2022 watu 20 waliugua homa ya mgunda mkoani Lindi, watatu wakafariki. Vijidudu vyake hutoka hasa katika mkojo wa panya na wanyama wengine, vikapita kwenye maji na michubuko ya ngozi. Wenzetu wa Lushoto nao waliteswa na tauni miaka mingi kuanzia 1980, kupitia viroboto wa panya. Panya wa porini hafai kulala chumba kimoja na watoto, hata akiwa mpole namna gani.

Yule panya mweupe wa maabara, ambaye watu wa mijini humfuga katika kizimba, ni salama zaidi akitoka kwa mfugaji anayejulikana. Lakini huishi miaka miwili au mitatu tu, hapendi kukaa peke yake, na huchangamka usiku watoto wakiwa wamelala. Wawili wa jinsia tofauti watakuwa kumi na zaidi mwezi haujaisha. Mama asiye na nafasi hiyo akatae bila aibu.

Nani basi anafaa?

Kwa nyumba nyingi za huku twaona sungura, simbilisi au kuku yafaa zaidi. Sungura hubeba mimba siku 31 tu, kwa hiyo dume na jike hukaa mbalimbali mpaka mmekubaliana nyumbani juu ya watoto wao. Simbilisi ni mpole kwa mtoto mdogo, ila mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Apewe majani mabichi kila siku. Wakati wa masika ni rahisi. Kiangazi, nyasi zikikauka hata ndani ya ngitili, mtoto ataleta nini? Swali hili liulizwe kabla ya kununua. Na majani mabichi ya muhogo yasitumike, yana sumu.

Walio karibu na machimbo wana neno lao la ziada. Watoto wasikate majani kando ya madimbwi ya kuoshea dhahabu, wala wasimnyweshe mnyama humo, maana zebaki haionekani majini. Tena huenda sungura huyohuyo akaliwa baadaye.

Kifaranga naye bila chanjo ya kideri ni zawadi ya muda mfupi. Ni tone moja jichoni, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mwulizeni afisa mifugo wa kata. Mtoto wa mbwa achanjwe kichaa cha mbwa afikishapo miezi mitatu na kila mwaka, tena mtoaji awe tayari kulipia chanjo ya kwanza.

Liko jambo moja linalotuuma. Kuku wa mtoto hupewa jina, anafuatwafuatwa uani, halafu anakuja mgeni, naye anachinjwa bila mtoto kuambiwa. Nabii Nathani alipotaka kumgusa Mfalme Daudi moyo (2 Samweli 12) alimsimulia juu ya maskini aliyemlea mwana-kondoo mmoja pamoja na watoto wake, na tajiri aliyemtwaa amwandalie mgeni wake. Daudi aliwaka hasira. Mtoto wetu hana ufalme wa kuwakia hasira. Hunyamaza tu, na safari nyingine akiambiwa "huyu ni wako" hasadiki. Ikiwa kuku ni wa kitoweo, aambiwe tangu siku ya kwanza. Ikiwa ni wake, aombwe, na akikubali apewe kifaranga kingine au fedha ya daftari.

Ikiwa panya buku amekwisha kuingia nyumbani, msimpige mbele ya mtoto, wala mtoto asimshike tena. Mtu mzima avae glavu nene, amtie ndani ya ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, amrudishe porini alikotolewa, mbali na nyumba za watu. Kama ameuma, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mwende zahanati na kueleza ni mnyama gani. Majani aliyolalia yachomwe moto, na ndoo ile isirudi jikoni.