Kijana Wako Akikiri Kosa Polisi

Mama mpendwa, tuseme uko Hale, umekaa na maandazi yako kando ya barabara kuu, mara unaletewa habari kwamba kijana wako amekamatwa na tayari “amekubali kosa”. Akina mama wengi hapo hukata tamaa, wakaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi. Ngoja kwanza. Kukubali kituoni si hukumu.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yasema ungamo mbele ya polisi hupokelewa ikiwa limetolewa kwa hiari, tena mbele ya askari mwenye cheo cha koplo au zaidi. Kipigo na vitisho huondoa hiari. Hata ahadi ya askari, “kubali tu ukalale kwa mama yako”, yaweza kuiondoa. Na jambo ambalo wengi wetu hatulijui: kijana hapaswi kuthibitisha kwamba alilazimishwa, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kwamba hakulazimishwa.

Saa nazo zina maana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inawapa polisi saa 4 za kumhoji tangu alipokamatwa, na zikihitajika nyingine ni lazima ziongezwe kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha, kwa mfano kutoka Hale hadi Korogwe, hauhesabiwi. Kwa hiyo muulize jirani aliyeona, uandike saa ile mahali. Kijana ana haki ya kuelezwa kosa lake na kuwasiliana na ndugu au wakili. Akiwa ni mtoto, polisi wanapaswa kumjulisha mzazi mara moja.

Pengine atapelekwa kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Huyu humuuliza alikamatwa lini, amelala wapi, kama kuna aliyemtisha au kumwahidi kitu, na humkagua mwili kama una majeraha. Hapo ndipo pa kusema. Mwana aliyepigwa akajibu “sijambo” kwa woga amejifungia mlango mwenyewe.

Mahakamani, maelezo hayo yapingwe kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo. Hakimu atasimamisha kesi achunguze kwanza suala la hiari peke yake. Hata yakipokelewa, tangu shauri la Tuwamoi lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1967, ungamo lililokanwa hutazamwa kwa tahadhari, na kwa kawaida hutafutwa ushahidi mwingine wa kuliunga mkono.