Dhahabu ya Mjerumani na karakana ya Tabora: kweli au si kweli?

Kama umekulia Lagangabilili, Bariadi au kwingineko Usukumani, habari za dhahabu ya Mjerumani umezisikia. Huyu anajua mbuyu wenye alama, yule ana ramani ya babu yake, na mwingine anatafuta tu mtu wa kuchangia gharama. Nyuma ya masimulizi hayo kipo kiwanda cha kweli cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: mwaka 1916, karakana ya reli ya Lulanguru, nje ya mji wa Tabora, iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Tuyapime madai, moja baada ya jingine.

Dai la 1: Fedha zote za Mjerumani zilitengenezwa Ulaya.
SI KWELI. Kabla ya vita, nyingi zilitoka Berlin, zikiwa na herufi A, au Hamburg, zikiwa na herufi J. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani. Sarafu mpya hazikuingia, na watu walificha za zamani kwa sababu noti za dharura hawakuziamini. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilikuwa imehamia Tabora, mji ambao reli ilikuwa imeufikia mwaka 1912. Penye reli pana karakana, na penye karakana pana mashine na mafundi. Hapo zikapigwa sarafu za heller 5 na heller 20, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Zote zina mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora.

Dai la 2: Dhahabu ya sarafu hiyo ilikuwa ya hapa hapa nchini.
KWELI. Wazee wanaosema hivyo wako sahihi. Ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, mkoani Singida, ng'ambo ya Meatu yetu. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1907, miaka saba kabla ya vita.

Dai la 3: Heller za Tabora ni maganda ya risasi.
KWELI. Maganda yaliyokwisha kutumika yaliyeyushwa pamoja na chakavu nyingine za shaba. Ndiyo maana nyingi hazina umbo safi kama zile za Berlin.

Dai la 4: Ilikuwa kazi ya Wazungu peke yao.
SI KWELI. Mihuri ya kupigia sarafu ya dhahabu, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, ilichongwa na sonara Msinhala, mtu wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Na karakana za reli za wakati ule zilitegemea mikono ya Waafrika na Wahindi. Ukimtaja gavana ukawaacha hao, historia umeisimulia nusu.

Dai la 5: Mjerumani alizika shehena za dhahabu hizo chini ya mibuyu.
SI KWELI. Tufanye hesabu. Sarafu za tembo zilizopigwa ni 16,198. Kila moja ina gramu 7.168, na robo tatu tu ya uzito huo ndiyo dhahabu. Zote kwa pamoja ni kama kilo 116. Wapagazi wanne au watano wa enzi hizo wangezibeba. Hazitoshi kujaza hata pango moja, seuze mapango yote tunayosimuliwa toka Itilima hadi Maswa. Tena zilipigwa ili zitumike, na nyingi leo zimo mikononi mwa wakusanyaji wa sarafu duniani. Majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Wajerumani walirudi nyuma kwa miguu, na mzigo wa kwanza kwao ulikuwa chakula na risasi.

Dai la 6: Rupia yoyote ya zamani ni utajiri.
SI KWELI. Rupia yenye kichwa cha mtu mwenye kofia ya vita ni ya fedha, na zilitengenezwa kwa wingi. Huyo ni Kaisari Wilhelm II. Ukiiokota kwenye mahame, yaelekea ni akiba ya kaya iliyoishi pale. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, rupia ziliacha kuwa pesa ya sokoni. Yenye thamani kubwa ni ile ya tembo, nayo ina nakala nyingi za bandia. Iangalie herufi T, kisha ipime kwa mizani ya sonara. Na usiisugue, kwa maana kusugua hushusha bei.

Kwa hiyo tuwaheshimu wazee waliotuambia habari za Sekenke na maganda ya risasi, maana walichosema kinathibitika. Lakini anayekudai ng'ombe au mbuzi wa kafara ili akuonyeshe mbuyu wa Mjerumani, mnyime. Fedha ya mnyama huyo nunulia mbegu za pamba. Shamba lako unalijua lilipo.