Mkaa, Kampeni na Mikinzano ya Maisha ya Umma

Miongoni mwa makada wetu imeota mizizi imani kwamba kila tatizo la mazingira ni tatizo la fahamu. Mwananchi anakata mti kwa kuwa hajui, tumwelimishe, ataacha. Asipoacha ni mkaidi, tumpige marufuku. Ndipo zilipotoka zana zetu za kawaida: siku ya kupanda miti, maandamano, mabango, semina, na hatimaye amri. Si zana mbaya. Lakini ni lazima tujiulize zinafaa kazi ipi.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mitaa ilibadilika kwa muda mfupi. Wengi wakahitimisha kwamba penye nia ya kisiasa yote yanawezekana. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mifuko ilitoka viwandani na mipakani, mahali panapokagulika. Vikapu na mifuko mingine ilikuwapo. Na hakuna aliyeshindwa kupika kwa kukosa mfuko.

Mkaa ni jambo jingine. Mwanzoni mwa 2006 Serikali iliupiga marufuku, bei ikapanda, na amri haikudumu. Kwa nini? Tufuate gunia moja. Mchomaji wa Kilosa anachoma kwa sababu mavuno hayakutosha na anahitaji fedha taslimu. Pengine mti wenyewe ulikatwa ili kufungua shamba, na mkaa ni masalia tu. Mwenye lori anabeba. Njiani kuna ushuru, unaolipwa na usiolipwa. Mama wa Manzese ananunua kopo moja, maana fedha aliyonayo ni ya siku hiyo. Mtungi wa gesi huenda ukawa nafuu kwa hesabu ya mwezi, lakini unadai malipo kwa mkupuo. (Wanafunzi darasani hupenda kujibu: apewe elimu. Hesabu hiyo mama anaijua kuliko sisi.)

Basi adui ni nani hapa? Tena wahusika hawaafikiani hata tatizo lenyewe ni lipi: bwana misitu anaona miti, halmashauri ushuru, mganga moshi, mama bei. Kampeni hutaka adui mmoja, ujumbe mmoja na siku ya ushindi. Mkaa hauna hata kimoja.

Hata upandaji miti unakwepa kiini. Mche huhesabiwa siku ya kupandwa, si baada ya miaka mitatu. Na miti mingi ya miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki, mradi isilimwe, isichomwe moto wala kukatwa tena mapema. Kinachohitajika ni mwenye msitu wa kuulinda.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu vijiji kumiliki misitu. Katika miaka ya 2010, baadhi ya vijiji vya Kilosa vilianza kuvuna kwa vitalu vya mita 50 kwa 50, kitalu kilichovunwa kikipumzishwa miaka 24, na mapato yakaingia katika mfuko wa kijiji. Kazi hiyo ni ya polepole, haina picha za magazetini, na mkaa wake uliolipiwa unashindana sokoni na mkaa wa magendo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mkakati huo unamgusa zaidi mpishi. Kada anayekwenda kijijini ataulizwa na mchomaji: mteja wangu akihamia gesi, mimi nitauza nini? Mabango aliyobeba hayana jibu la swali hilo, na bila jibu, msitu ule ule utageuzwa shamba.